Shajara ya mradi: Maisha ya Harriet Jacobs kwa sauti, kwa Kiswahili

Januari. Kazi inaanza

Kundi letu la masimulizi limepitisha mradi wa mwaka huu: vipande vitano vya sauti kuhusu Harriet Jacobs, aliyezaliwa mtumwa katika mji wa Edenton, North Carolina, mwaka 1813, akatoroka, akawa mpinzani wa utumwa na mwandishi, na akafa akiwa huru mwaka 1897. Kila kipande kitachukua kama dakika 20. Tutavigawa kwa WhatsApp na kwa memori kadi, maana vikundi vya akina mama tunavyovilenga hapa Tanga na Pangani husikiliza zaidi kwa redio ndogo zenye tundu la kadi.

Tumeulizwa kwa nini si Frederick Douglass, mtoro mwingine wa utumwa ambaye jina lake limeenea zaidi. Douglass anastahili mradi wake. Harriet tumemchagua kwa sababu aliyaandika mambo ambayo wanaume waliotoka utumwani waliyagusa kwa mbali tu, au hawakuyapitia kabisa: bwana anayemwinda binti wa miaka 15 nyumbani mwake, bibi mwenye nyumba anayemlaumu binti badala ya mumewe, mama anayepanga kutoroka huku watoto wake wakiwa rehani. Alisema wazi kwamba utumwa ni mbaya kwa mwanamume, na kwa mwanamke ni mbaya zaidi.

Jambo moja tumeliamua mapema. Wanaosimulia maisha yake hupenda kuanzia darini, pale alipojificha karibu miaka saba. Sisi hatuanzii hapo. Ukimwanzia Harriet darini, unampata mtu wa kuhurumiwa. Huyu alikuwa mtu wa mipango tangu ujana wake, na tunataka msikilizaji apande naye dari lile akiwa anajua nani anapanda, na kwa hesabu gani.

Januari, mwishoni. Mswada wa kipande cha kwanza

Umekamilika. Kipande hiki ni cha utotoni, na mhusika wake mkubwa amegeuka kuwa bibi yake mzaa mama, Molly Horniblow. Sikutarajia atuchukulie nafasi kubwa hivi, lakini bila yeye hakuna kinachofuata kinachoeleweka.

Molly alikuwa mtumwa wa hoteli, mpishi na mshonaji. Usiku, kazi za bwana zikiisha, alioka biskuti akaziuza mjini, na fedha akaziweka ili siku moja awanunue wanawe. Akafikisha dola 300. Bibi mwenye nyumba akazikopa. Hazikurudi, kwa sababu sheria haikumpa mtumwa njia ya kudai deni. Mwaka 1828 aliwekwa mnadani, na yeye mwenyewe akapanda jukwaani mbele ya watu, mji mzima ukijua kwamba alikuwa ameahidiwa uhuru. Waliokuwapo walipiga kelele za aibu na hakuna aliyetaka kumpandia dau. Mzee mmoja, Hannah Pritchard, dada wa marehemu bibi mwenye nyumba, akamnunua kwa dola 50 hivi, kisha akamwandikia uhuru. Molly akapata nyumba yake mwenyewe mjini. Hiyo ndiyo nyumba yenye dari.

Baba yake Harriet alikuwa seremala hodari aliyeruhusiwa kufanya kazi kwa malipo, ilimradi kila mwaka ampe bibi aliyemmiliki dola 200. Mama alifariki Harriet akiwa na miaka sita, na ndipo mtoto alipotambua kwamba yeye ni mtumwa. Bibi aliyemmiliki Harriet, Margaret Horniblow, alimfundisha kusoma na kushona; kuandika Harriet alijifundisha mwenyewe. Margaret alipofariki mwaka 1825 hakumwacha huru. Wosia ulimpa Harriet kwa mtoto wa miaka mitatu, mpwa wa marehemu, na kwa hiyo bwana halisi akawa baba wa mtoto huyo, daktari James Norcom.

Kusoma, kuandika, kushona. Tumeyarudia maneno haya matatu mara kadhaa katika mswada kwa makusudi. Kila mojawapo lina kazi mbele.

Februari. Kipande cha pili, na mazungumzo marefu

Hapa tumekaa mwezi mzima, na sijutii.

Norcom alimzidi Harriet kwa miaka 35. Alimnong'oneza maneno machafu, alimwandikia vikaratasi alipogundua anajua kusoma, alimkatalia kuolewa na seremala mweusi aliyekuwa huru na aliyempenda, kisha akaanza kumjengea nyumba ya peke yake nje ya mji ili asiwe na wa kumlilia. Harriet alifanya uamuzi uliomtesa kuuandika miaka mingi baadaye: aliingia katika uhusiano na mzungu mwingine, wakili kijana asiye na mke, Samuel Tredwell Sawyer. Alihesabu kwamba Norcom angekasirika kiasi cha kumuuza, na Sawyer angemnunua. Alihesabu pia kwamba watoto watakaozaliwa wana nafasi ya kukombolewa na baba yao. Joseph alizaliwa mwaka 1829, Louisa Matilda mwaka 1833.

Tulimsomea mswada msimulizi wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Shangazi. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Sasa mwanangu, hao watoto wakawa wa nani?"

"Wa nyumba ya daktari, Shangazi."

"Na baba yao mtu huru, wakili?"

"Ndiyo. Mwaka 1837 akachaguliwa hata kuwa mbunge wa Marekani."

"Basi lieleze hilo kwanza. Watu wa huku hawatalielewa."

Ana haki. Majimbo ya kusini mwa Marekani yalifuata kanuni ambayo Virginia iliiandika mwaka 1662: mtoto hufuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba awe nani. Harriet aliandika kwamba kwa ujuzi wake Norcom alikuwa amezaa watumwa 11. Aliwazaa na kuwamiliki. Kwa msikilizaji wa pwani hili linagongana na alilolirithi kwa wazee, kwa kuwa kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa huku, mtoto wa bwana na suria wake alizaliwa huru, na mama mtu hakuuzwa tena na akawa huru bwana alipofariki.

Tukaandika aya ya kueleza tofauti hiyo. Kisha Shangazi mwenyewe akatuzuia tusiishie hapo, kwa sababu msikilizaji atajifariji na kusema kumbe kwetu kulikuwa na nafuu. Suria naye hakuulizwa. Na amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, iliwaacha masuria nje. Waliingizwa mwaka 1909 tu. Harriet Jacobs alifariki tarehe 7 Machi 1897, mwezi mmoja kabla ya amri ile, baada ya kuandika kitabu kizima kuhusu jambo hilohilo ambalo watunga amri waliliona ni la ndani ya nyumba. Aya hiyo sasa ndiyo moyo wa kipande cha pili, na imetoka kwa Shangazi.

Kuhusu Sawyer tumekubaliana hivi: msimulizi hatamtetea Harriet wala kumhukumu. Atasoma hesabu yake kama alivyoipiga yeye, akiwa na miaka 16 hivi, na kuacha.

Machi. Dari

Sasa ndipo tulipofika darini, na tumepafikia kwa njia iliyonyooka.

Mwaka 1835 Norcom alimpeleka Harriet kwenye shamba la mwanawe. Harriet akasikia kwamba watoto wake nao wataletwa huko wazoezwe kazi. Akaona kwamba wakifika shambani hawatatoka tena, na kwamba yeye akitoweka daktari atachoka nao na kuwauza. Akatoroka usiku mwezi Juni. Norcom alichapisha tangazo katika gazeti la Norfolk, American Beacon, akiahidi dola 100. Tangazo lipo mpaka leo, nasi tumeliweka karibu lote katika kipande cha tatu, likisomwa na sauti ya kiume isiyo na hisia. Linasema ana miaka 21, nywele nyeusi nene zinazojikunja zenyewe, anazungumza kwa wepesi na ufasaha, ni mshonaji mzuri aliyezoea kuvaa vizuri. Kisha linasema ametoroka bila sababu yoyote inayojulikana. Kijana anayelisoma aliomba kusimama alipofika maneno hayo. Tukamwacha apumzike, akasoma tena.

Hesabu yake ilitimia kwa sehemu. Norcom aliwauza watoto pamoja na John, mdogo wake Harriet, kwa mfanyabiashara wa watumwa ambaye kumbe alitumwa na Sawyer. Lakini Sawyer hakuwaandikia uhuru kama alivyoahidi.

Harriet alijificha kwanza kwa rafiki, kisha katika nyumba ya mwanamke mzungu aliyekuwa na watumwa wake mwenyewe lakini akamwonea huruma, kisha katika kinamasi chenye nyoka, na mwezi Agosti akaletwa kwa bibi yake. Kando ya nyumba ya Molly kulikuwa na kibanda cha stoo, na juu yake nafasi chini ya paa: urefu futi 9, upana futi 7, na pale palipoinuka zaidi futi 3. Mjomba wake, seremala, alitengeneza mlango wa siri kutoka kabati la stoo. Hakukuwa na dirisha wala tundu.

Fundi seremala wa mtaani kwetu alikuja na rula na chaki akatuchorea vipimo hivyo sakafuni, kisha akafunga kamba mbili kuonyesha paa linavyoteremka. Urefu wake ni kitanda na nusu. Ukilala chali na kutaka kugeuka, bega linagusa kamba kabla hujafika nusu. Tumemrekodi Shangazi akisoma sehemu ya dari akiwa ameketi ndani ya mstari huo, ameinama, na sauti imebadilika kwa kweli. Pumzi ni fupi. Hatutairekebisha kwenye kompyuta. Magodoro tuliyoegemeza ukutani yamezuia mlio wa bodaboda, na tumekuwa tukirekodi baada ya isha barabara ikitulia.

Ndani ya giza lile Harriet aligusa keekee ambayo mjomba aliisahau. Akatoboa mistari mitatu ya matundu, moja juu ya jingine, kisha akavunja vijiti vilivyobaki kati yake hadi akapata tundu la inchi moja upana na urefu. Linaelekea barabarani. Mtu wa kwanza aliyemwona kupitia hapo ni Norcom, akipita. Baadaye aliwaona watoto wake wakicheza, na hawakujua yuko juu yao.

Wakati wa joto vigae vyembamba vya mbao havikuzuia jua, wadudu wekundu walimuuma mwili mzima, wakati wa baridi miguu ilikufa ganzi, na mvua ilipenya. Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani. Alituambia kwamba kushona kwa mkono kwa mwanga wa tundu la inchi moja kunawezekana, kwa sababu baada ya miaka ya kazi kidole ndicho kinachoona pindo. Harriet alishona nguo na vitu vya kuchezea vya watoto kwa ajili ya Krismasi humo ndani. Tumerekodi sindano ikipita kwenye kitambaa kigumu, karibu kabisa na kipaza sauti. Hiyo ndiyo sauti pekee ya ziada katika kipande cha tatu. Muziki tumeuacha.

Aprili. Barua

Swali lililoulizwa na kila mtu aliyesikiliza rekodi ya majaribio ni moja: kwa nini hakukimbilia Kaskazini, kwenye majimbo yasiyo na utumwa, mara moja? Jibu liko kwenye kipande cha nne, na ni jibu la mpangaji.

Njia zililindwa, watoto walikuwa Edenton, na ilimlazimu Norcom aamini kwamba Harriet yuko mbali ili aache kuitesa nyumba ya bibi. Basi Harriet, akiwa amelala ndani ya nafasi ya futi 3, aliandika barua kana kwamba yuko New York. Majina ya mitaa aliyatoa kwenye kipande cha gazeti la huko. Rafiki mwaminifu alizipeleka na mtu wa kuaminika ili zitiwe posta New York kwenyewe, zirudi Edenton na muhuri wa kule. Norcom aliificha barua aliyoandikiwa bibi Molly, akaandika nyingine kwa uwongo na kuja kumsomea kwamba mjukuu wake anataka kurudi. Harriet alikuwa amejificha karibu, anasikia kila neno.

Nimeandika upya tukio hili zaidi ya jingine lolote katika mradi. Hapa Norcom anatumia kalamu kudanganya, na Harriet naye anatumia kalamu, na Harriet anamshinda mtu aliyesoma udaktari. Kama msikilizaji atakumbuka tukio moja tu, natamani liwe hili.

Juni 1842 alitoka kwa mashua hadi Philadelphia, kisha New York, akapata kazi ya yaya kwa familia ya mwandishi Nathaniel Parker Willis. Louisa alikuwa ametangulia Brooklyn, na Joseph akafuata. Mwaka 1849 Harriet alikuwa Rochester, akisaidia chumba cha kusomea cha wapinga utumwa ambacho mdogo wake John alikiendesha, ghorofa moja juu ya ofisi ya gazeti la Douglass. Huko alipata rafiki, Amy Post, wa madhehebu ya Quaker. Mwaka 1850 ikapita sheria ya kuwakamata watoro hata Kaskazini. Mwaka 1852 yule mtoto wa wosia, sasa mke wa mtu, alikuja New York na mumewe kumdai. Cornelia Willis, mke wa pili wa mwajiri, alimkomboa kwa dola 300. Harriet alikuwa amekataa kununuliwa. Alimshukuru Cornelia kwa moyo wote na akabaki na uchungu kwamba karatasi ya mauzo yake imeandikwa katika mji ulio huru. Tumezisoma hisia zote mbili mfululizo, bila kuzipatanisha.

Aprili, mwishoni. Kitabu

Amy Post alimsihi aandike. Kupitia kwa Amy, Harriet aliomba msaada wa Harriet Beecher Stowe, mwandishi wa riwaya maarufu ya kupinga utumwa, na Stowe akampelekea Cornelia Willis barua yenye siri za maisha yake ili kuhakikisha kama ni kweli, kisha akataka kuyatumia katika kitabu chake mwenyewe. Harriet aliudhika sana. Akaamua kuandika peke yake. Aliandika usiku, watoto wa Willis wakilala, akimficha mwajiri ambaye hakumwamini katika suala la utumwa. Ilimchukua miaka kadhaa, hadi 1858.

Mchapishaji mmoja alitaka dibaji ya Stowe au ya Willis, kisha akafilisika. Wa pili, Thayer & Eldridge wa Boston, alitaka dibaji ya Lydia Maria Child, mwandishi mpinga utumwa, kisha mchapishaji huyo naye akafilisika kabla ya kuchapa. Harriet akazinunua bamba za chapa na kitabu kikatoka Boston Januari 1861 kwa gharama ya mwandishi: Incidents in the Life of a Slave Girl, kwa jina la kubuni la Linda Brent. Miezi mitatu baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Karibu na mwisho wa kitabu anamwambia msomaji kwamba hadithi yake inaishia kwenye uhuru, si kwenye ndoa kama ilivyozoeleka. Shangazi aliusoma mstari huo mara moja tu na tumeupokea ulivyo.

Mei. Kipande cha tano, bado

Mswada uko nusu. Unaanza na vita: Harriet akiwa Washington mwaka 1862 kati ya watu waliotoroka mashamba, kisha Alexandria, Virginia, akigawa nguo na dawa na kuandikia magazeti hali ya kambi. Januari 1864 ilifunguliwa shule iliyopewa jina lake. Kulikuwa na ubishi kama iongozwe na walimu wazungu. Wazazi, watu waliokuwa watumwa jana yake, waliamua wenyewe, na Louisa akashika uongozi. Yule mtoto aliyeonekana kwa tundu la inchi moja sasa ni mwalimu mkuu. Baadaye mama na binti walikwenda Savannah, na mwaka 1868 Harriet alivuka hadi London kukusanya fedha za kusaidia yatima na wazee wa huko.

Sehemu ya pili ya kipande inahusu kilichompata baada ya kufa, na hapa ninaandika kwa hasira ambayo wenzangu wameniruhusu niibakize. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 wasomi waliamini kitabu kile ni riwaya ya Lydia Maria Child. Mwanahistoria John Blassingame alikikataa mwaka 1972. Mhadhiri Jean Fagan Yellin ndiye aliyekwenda kwenye barua za Harriet kwa Amy Post zilizohifadhiwa Rochester, akalinganisha mwandiko, mtindo na matukio, akawatambua watu waliofichwa kitabuni kwa majina ya kubuni, Flint kuwa Norcom na Sands kuwa Sawyer, na kutangaza matokeo mwaka 1981. Toleo lake lilitoka mwaka 1987. Mtu aliyemshinda bwana wake kwa barua za uwongo alithibitishwa na barua zake za kweli, na zilikuwa zimekaa hapo muda wote.

Yaliyobaki: kumaliza sehemu ya Savannah, kurekodi kipande cha nne upya pale ambapo mvua iliingia kwenye sauti, na kuamua kuhusu John. Masimulizi yake mwenyewe yalichapwa mwaka 1855 katika gazeti la Sydney, Australia, alikokuwa amefika kutafuta dhahabu, yakasahaulika, yakatolewa tena kitabu mwaka 2024. Anaandika kwa ukali kuliko dada yake, kwa kuwa huko mbali hapakuwa na mhariri wala mfadhili wa kumpunguza. Wengi kundini wanataka kipande cha sita kimhusu yeye. Nami nataka. Kijana aliyesoma tangazo la Norcom ameomba awe msimulizi wake, na Shangazi amekubali kukaa naye kumfundisha kabla hatujafungua kinasa sauti. Mswada wa John naanza Jumatatu.